Mwanasheria Kabla ya Kesi: Barua ya Wazi Kuhusu Ajira za Wanasheria wa Serikali na Mitaa ya Kariakoo

Kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam.



Barua hii inaelekezwa kwa ofisi tatu ambazo, kila moja kwa nafasi yake, ndizo zinazoamua mwanasheria yupi aingie katika utumishi wa Serikali, apewe cheo gani na apangiwe kituo gani cha kazi. Hoja yake ni moja. Serikali imezoea kumwajiri mwanasheria ili aitetee baada ya kushtakiwa, ilhali pale kesi zinapozaliwa, yaani katika ofisi ya kata, sokoni na mbele ya mlango wa duka, maamuzi yenye uzito wa kisheria hufanywa kila siku bila mwanasheria yeyote kuwapo. Eneo la katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Kivukoni na Kisutu hadi Kariakoo na Gerezani, linafaa kuwa mfano kwa sababu umbali kati ya wanasheria na wanaowahitaji hapo ni mfupi sana kwa miguu na mrefu sana kwa utaratibu.

Kabla ya kwenda mbali inafaa maneno yanyooshwe, maana katika mazungumzo ya kila siku mwanasheria na wakili huchukuliwa kuwa mtu mmoja. Mwanasheria ni aliyehitimu shahada ya sheria. Wakili ni mwanasheria aliyepita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Shule ya Sheria, kisha akaapishwa na jina lake likaingizwa katika orodha ya mawakili chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Wakili wa Serikali ni mtumishi wa umma anayesimama mahakamani au kutoa ushauri kwa niaba ya Serikali, na hana ruhusa ya kupokea wateja wake binafsi. Afisa Sheria naye ni mwanasheria aliyeajiriwa katika wizara, wakala, shirika au halmashauri, ambaye kazi zake nyingi ni za mezani: kuandaa mikataba, kupitia sheria ndogo, kujibu barua za madai. Wanasheria wenye sifa wanaotajwa hapa ni wote waliomaliza shahada na mafunzo ya vitendo, wawe wameapishwa uwakili au bado.

Elimu ya sheria ya chuo kikuu katika nchi hii ilizaliwa hatua chache kutoka sokoni. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Kitivo cha Sheria cha kile ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14, na kwa wakati huo kitivo hicho ndicho kilichokuwa chuo kizima, kwa kuwa vitivo vingine vilikuwa havijaanzishwa. Kuanza na sheria badala ya uhandisi au udaktari kulikuwa na sababu iliyo wazi, kwani Tanganyika ilikuwa inaupokea Uhuru huku Mwanasheria Mkuu wake akiwa Mwingereza, Roland Brown, na ilikuwa hadi 1965 ndipo Mark Bomani alipoishika nafasi hiyo. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, lakini wahitimu wake wa mwanzo walisambazwa katika ofisi za umma bila kuchagua ngazi. Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu na kisha Waziri Mkuu, alianza akiwa wakili wa Serikali, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa mwanasheria wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ofisi ambayo shughuli zake ni leseni, viwanja, ushuru na masoko. Wakati nchi ilipokuwa na wanasheria wa kuhesabika kwa vidole, mtu wa kiwango hicho alikaa katika ofisi ya jiji na hakuna aliyeona kwamba amepotezwa. Leo orodha ya mawakili imepita watu 10,000, bila kuwataja wenye shahada ambao hawajaapishwa, na bado ofisi ya Kata ya Kariakoo haina hata mmoja katika muundo wake.

Tangu siku hizo uzito umepanda juu. Februari 2018 iliyokuwa ofisi moja iligawanywa kuwa tatu: Mwanasheria Mkuu akabaki na ushauri, uandishi wa sheria na upekuzi wa mikataba; Wakili Mkuu wa Serikali akapewa mashauri ya madai na usuluhishi; Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikashika jinai. Mgawanyo huo ulikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa anayeshauri mkataba na anayeutetea mahakamani wakiwa mtu yuleyule, kosa la kwanza hufichwa na la pili. Hata hivyo kilichoimarishwa ni upande wa kujitetea. Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ilifanyiwa marekebisho ambayo yaliziingiza halmashauri, wakala na mashirika ya umma katika maana ya neno Serikali, na matokeo yake kwa mtu wa Kariakoo yanaeleweka vizuri zaidi kwa mfano.

Machinga ambaye viatu vyake vya mtumba vya shilingi 600,000 vimechukuliwa na mgambo, na ambaye anaamini kwamba vimechukuliwa kinyume cha sheria, hawezi kwenda moja kwa moja mahakamani. Sharti kwanza atoe notisi ya siku 90, nakala impelekee Mwanasheria Mkuu, na muda huo ukiisha afungue shauri Mahakama Kuu akimuunganisha Mwanasheria Mkuu kama mdaiwa wa lazima, kwa kuwa asipomuunganisha shauri lote linaharibika. Upande wa pili, Serikali italazimika kumtoa wakili anayelipwa mshahara wa umma, asome faili, aandike majibu na kuhudhuria Mahakama Kuu, yote hayo kwa ajili ya mafurushi mawili ya viatu. Siku 90 ziliwekwa ili Serikali ipate nafasi ya kulitazama dai na kulimaliza kabla halijafika kwa jaji. Lakini dai humalizwa na mtu anayeweza kulisoma kisheria, kushuka Mtaa wa Congo na kumuuliza mgambo alikuwa na amri gani mkononi, na mtu huyo hayupo. Jiji zima, lenye kata 36, linategemea kitengo kimoja cha sheria ambacho tayari kimezama katika mashauri yaliyokwisha kufunguliwa.

Wengi, kwa kweli, hawafiki kwenye notisi. Hunyamaza, na ukimya huo usihesabiwe kuwa ridhaa, kwa sababu Mei 15, 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa malalamiko juu ya ukusanyaji wa kodi na kile wafanyabiashara wenyewe walichokiita kamatakamata, hadi Waziri Mkuu akaenda kuzungumza nao Mnazi Mmoja. Na Juni 2024 yakafungwa tena. Malalamiko mengi yaliyosikika katika migomo hiyo yalikuwa, ukiyavua hasira, maswali ya kawaida ya Afisa Sheria wa daraja la chini: nani ana mamlaka ya kuzuia mzigo, kwa hati gani, kwa muda gani, na mwenye mzigo akate rufaa wapi.

Ili hoja isibaki hewani, inafaa kuutazama kwa karibu mkataba wa fremu. Fremu, kwa lugha ya Kariakoo, ni chumba cha duka kinachotazama mtaa, na pango lake hulipwa kwa mkupuo wa miezi sita au mwaka mzima, mara nyingi juu yake kukiwa na kilemba, yaani fedha ambayo mpangaji anayeingia humpa anayetoka, au mwenye nyumba, ili aachiwe nafasi. Mkataba wenyewe huwa kurasa mbili au tatu zilizochapwa steshenari kwa kunakili mkataba wa watu wengine, vifungu kadhaa vikiwa katika Kiingereza ambacho pande zote mbili hazikisomi, na si ajabu jina la mpangaji wa zamani kubaki katika kifungu cha nne kwa kusahauliwa. Chini husaini mwenye nyumba, mpangaji, na dalali kama shahidi, kisha karatasi hupelekwa serikali ya mtaa, ada ikalipwa na muhuri ukapigwa. Muhuri huo ndio unaowapa wote utulivu, na hapo ndipo kosa lilipo. Muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa unaonyesha tu kwamba watu hao walifika mbele yake. Haugeuki kuwa ushuru wa stempu, ambao ni kodi inayolipwa serikalini juu ya hati, na ambao usipolipwa, Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, inaizuia hati hiyo kupokewa mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Sheria ya Mawakili nayo inataka hati za aina hiyo zionyeshe jina na anwani ya aliyeziandaa, na inaharamisha mtu asiye na sifa kuziandaa kwa malipo. Kilemba, ambacho mara nyingine hulipita pango la mwaka, hakiandikwi popote.

Mgogoro unapozuka, mpangaji hufika mbele ya hakimu akiwa na karatasi ambayo haiwezi kupokelewa, akidai fedha ambayo haikuandikwa, kwa mkataba ambao mwandishi wake hajulikani. Mwandishi huyo mtaani huitwa kishoka, jina wanalopewa watu wanaofanya kazi za kitaalamu bila kibali, na ni rahisi kumlaumu yeye peke yake. Ukweli usiopendeza ni kwamba kishoka hakuja Kariakoo kwa sababu wanasheria ni wachache. Yupo kwa sababu anafungua asubuhi wakati maduka yanafunguliwa, anakaa palipo na watu, bei yake inajulikana, na anaandika Kiswahili.

Afisa Sheria wa kata, ambaye ndiye anayeombwa katika barua hii, hangechukua nafasi ya wakili wa kujitegemea kwa kuwaandikia watu binafsi mikataba yao, wala haombwi kufanya hivyo. Angefanya jambo dogo zaidi lenye faida kubwa zaidi: kabla muhuri wa umma haujapigwa, aisome hati na kuirudisha ikiwa haina kiasi, muda, jina la mwandishi au stempu, na awaambie wahusika waipeleke wapi. Hilo ni kulinda heshima ya muhuri wa Serikali, si kumtetea mteja. Ushuru wa stempu ambao ungelipwa katika mtaa mmoja tu wenye fremu mamia, ambako pango la mwaka la fremu moja huhesabiwa kwa mamilioni, ungetosha kuifanya hesabu ya mshahara wake isiwe ya kutisha.

Juu ya fremu kuna ghorofa, na chini ya ghorofa kuna kiwanja chenye historia ndefu kuliko jengo. Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa mitaa ya nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na nyingi zilirithiwa na watoto na wajukuu kabla hazijabomolewa. Kilichofuata ni ubia, ambao kwa mitaa hiyo una maana ya mwenye kiwanja kutoa ardhi, mjenzi kutoa fedha, na wote wawili kugawana sakafu na fremu jengo linapokamilika. Makubaliano ya namna hiyo hugusa mirathi, ardhi, ujenzi, kodi, na tangu 2008 pia sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, na bado mara nyingi husainiwa na mrithi mmoja ambaye wenzake hawakuulizwa. Majalada ya mirathi ya Mahakama ya Mwanzo Kariakoo, ambayo mengine hupanda kwa rufaa hadi Mahakama Kuu baada ya miaka kadhaa, yanaonyesha jinsi swali ambalo lingejibiwa siku ya kuomba kibali cha ujenzi, yaani warithi ni akina nani na wamekubali nini, linavyoachwa hadi ghorofa lisimame na wapangaji wajae.

Halafu kuna alama ya X. Kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua: rangi nyekundu ukutani, wakati mwingine pamoja na neno la kuamuru kubomoa au kusimamisha ujenzi. Rangi hiyo huogopesha, lakini kisheria inasema kidogo sana, kwa kuwa haitaji kifungu kilichovunjwa, haitaji siku, haitaji mamlaka iliyoichora, na haimwambii mwenye jengo ajieleze wapi, ingawa Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na kukata rufani pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Kasoro hiyo huumiza pande zote mbili. Mwenye jengo halali hupata hofu bila maelezo, na mwenye jengo la hatari hupata kisingizio, kwa sababu amri iliyotolewa ovyo huangushwa mahakamani na ujenzi ukaendelea. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Miaka kumi na moja kabla, Machi 2013, jingine lililokuwa likijengwa lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu zaidi ya 30. Barua hii haiingilii sababu za maafa hayo, ambazo ni za kiuhandisi na za vyombo vya uchunguzi. Inasema tu kwamba mhandisi anayeona ufa hawezi kusimamisha kazi kwa jicho lake. Anahitaji hati iliyoandikwa sawasawa siku hiyohiyo, na hati iliyoandikwa sawasawa ni kazi ya mwanasheria aliye karibu.

Lipo jambo linalofanya ombi hili lisiwe geni. Mahakama imekwisha kuwapeleka wanasheria ngazi ya chini. Kwa miongo mingi Mahakama za Mwanzo ziliendeshwa na mahakimu wenye cheti au stashahada, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Mahakama ikaanza kuwapeleka huko mahakimu wakazi, ambao ni wahitimu wa shahada ya sheria, na mwaka 2021 sheria ikabadilishwa ili mawakili waruhusiwe kusimama katika Mahakama ya Mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi. Mhimili mmoja wa dola ulitambua kwamba mwananchi wa chini hastahili sheria ya kiwango cha chini. Mwaka huohuo Bunge liliyaondolea Mabaraza ya Kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi na kuyaachia usuluhishi peke yake, kwa sharti kwamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lisipokee shauri mpaka baraza la kata lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha wahusika, au siku 30 zipite bila mafanikio. Baraza hilo lina wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watu wenye busara ya mtaa na wasio na mafunzo ya sheria, na sasa ndilo mlango ambao kila mgogoro wa kiwanja cha Kariakoo unaopelekwa katika Baraza la Wilaya lazima uupitie. Usuluhishi bila ujuzi wa sheria unawezekana katika ugomvi wa mpaka wa ua; katika ubia wa jengo la ghorofa kumi siku 30 hupita tu, cheti cha kushindwa kikatolewa, na wahusika wakaendelea na safari yao ya mahakamani wakiwa hawajaambiwa chochote walichokuwa hawakijui.

Swali linabaki kwa waajiri, na hapa majukumu ya ofisi tatu zinazoandikiwa yanatofautiana. Ikama ni idadi na aina ya watumishi iliyoidhinishwa kwa ofisi fulani. Nafasi isiyo katika ikama haina kibali, na isiyo na kibali haitangazwi. Kwa hiyo mwanzo wa mambo uko kwa Mkurugenzi wa Jiji, kwa kuwa Sekretarieti ya Ajira haiwezi kumtafutia mtu ambaye hakumwomba. Sekretarieti nayo inawajua watu walipo kuliko ofisi nyingine yoyote. Kila tangazo la nafasi za Afisa Sheria au Wakili wa Serikali Daraja la II huvuta waombaji wengi kupita nafasi zenyewe, hufuatiwa na usaili wa mchujo na kisha wa mahojiano, na waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa katika kanzidata, yaani akiba ya majina ambayo waajiri wanaweza kupangiwa watu bila kutangaza upya. Watu hao wamekwisha kupimwa kwa gharama ya umma, na wengine muda wao katika kanzidata huisha hawajaitwa.

Itasemwa kwamba tatizo ni ubora, na jambo hilo haliwezi kupuuzwa. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yaliitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakaondolewa, na kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ikaundwa kuchunguza. Mjadala wa wakati ule ulizunguka swali la nani alaumiwe, vyuo vikuu au Shule ya Sheria. Halikuulizwa sana swali la kama sifa zinazopimwa ndizo zinazohitajika. Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mhitimu hata hivyo amesoma shahada kwa Kiingereza, amefanya mafunzo ya vitendo kwa Kiingereza, na mara nyingi hajawahi kupewa maksi kwa kuandika notisi ya Kiswahili ambayo muuza vitambaa wa Mtaa wa Swahili ataisoma mara moja na kuielewa. Usaili wa nafasi ya kata ungeweza kuwa karatasi moja tu: mtahiniwa apewe mkataba wa fremu wenye makosa na saa mbili za kuusahihisha kwa Kiswahili sanifu, kisha aeleze kwa mdomo makosa hayo kama anavyomweleza mama mwenye duka. Atakayefaulu mtihani huo na aajiriwe, bila kujali amehitimu Mlimani, Mzumbe, Chuo Kikuu Huria au kwingineko.

Pingamizi la pili ni fedha, na la tatu ni mgongano wa maslahi, kwani mwanasheria wa Serikali akikaa karibu sana na wananchi anaweza kujikuta anashauri pande mbili. La tatu ni zito kuliko la pili. Jibu lake ni kuandika mipaka ndani ya muundo wa kazi tangu mwanzo: mteja wake ni ofisi ya kata, na mwananchi anayehitaji wa kumtetea hupelekwa kwa watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kuhusu fedha, haiombwi ajira ya kata zote za nchi wala kata zote 36 za jiji. Kenya ilitunga mwaka 2020 sheria ya kuweka ofisi ya mwanasheria katika kila kaunti. Huko walianza na kaunti, na hapa panaweza kuanzwa na mitaa michache yenye biashara nzito.

Mwanasheria Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wa taaluma ya sheria katika utumishi wa umma, ana neno la mwisho katika jambo moja ambalo fedha haziwezi kulitatua. Vijana wenye sifa hawaombi kupangiwa ngazi za chini kwa sababu ngazi hizo hazihesabiwi. Aliyesimama Mahakama ya Rufani mara tatu ana cha kuandika katika taarifa zake za kazi. Aliyezuia kesi 50 zisizaliwe hana, kwa kuwa kesi isiyofunguliwa haina namba. Kama miaka miwili ya utumishi katika ofisi ya kata ingetambuliwa kuwa sifa ya kupanda daraja, kwa uzito uleule wa miaka miwili ya kuhudhuria mahakamani, waombaji wa kituo hicho wasingekosekana, na Serikali ingepata mawakili wanaojua mgambo hufanya nini kabla ya kutakiwa kumtetea.

Kwa hiyo inaombwa kwamba Mkurugenzi wa Jiji aombe kibali katika ikama ya mwaka wa fedha ujao, Mwanasheria Mkuu aidhinishe mipaka ya kazi na uzito wake katika kupanda daraja, na Sekretarieti iwaite waliomo katika kanzidata kabla ya kutangaza upya. Na katika tangazo lolote litakalotoka, pale palipozoeleka kuandikwa Makao Makuu kama kituo cha kazi, paandikwe Ofisi ya Kata. Nafasi nne zinatosha kuanzia: Kariakoo, Gerezani, Mchafukoge na Jangwani.